Sweta la Mkono Mmoja

Rafiki yangu, juzi nilishindwa kupita mbele ya duka moja hapa West Bay, Doha. Nilikuwa natoka kazini hotelini, sare bado mwilini. Dirishani walikuwa wametundika sweta za sufu za Kinorwe, zile zenye nyota za pembe nane kifuani. Siku hizi ni fasheni: zimekatwa juu ya kitovu, nyota zimetiwa rangi ya waridi, na wasichana huzivaa kwa sababu ya baridi ya viyoyozi. Nililia pale hadi mlinzi, Mkenya mwenzangu, akaniuliza, "Dada, uko sawa?"

Nilikuwa na miaka tisa tulipoishi Doha, mama na mimi, katika jengo la ghorofa tatu lililonukia iliki na sabuni ya kufulia. Mama alikuwa muuguzi. Mkataba wake ulipobadilishwa, kazi mpya haikuruhusu mtoto. Ikabidi nirudishwe Kenya kwa nyanya, Kinangop, kwenye baridi kali.

"Hutaondoka bila sweta," mama alisema.

Jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Kinorwe, akamfundisha kufuma sweta la kwao: uzi mweusi, uzi mweupe, midomo ikihesabu. Mimi pia alinionyesha jinsi ya kurudisha vitanzi kwenye sindano.

Nikalishika lile neno la mama. Kila alipokwenda kazini, nilichomoa sindano, nikafumua mistari ya jana, nikarudisha vitanzi, nikaviringa uzi vizuri.

"Mbona nyota hii haikui?" mama alimwuliza jirani.

"Umechoka. Hebu tuhesabu tena."

Mama akaacha kupumzika. Akaacha hata matembezi yetu ya jioni kando ya bahari, tulikozoea kunywa karaki, ile chai nzito ya maziwa, na kugombania chapati ya mwisho. Akirudi alivua viatu, akaketi kufuma. Nami nilikaa chini nikimtazama, nikijiona mshindi.

Siku moja alirudi mapema, akanikuta uzi umenijaa mapajani. Hakunipiga. Alikaa sakafuni.

"Kumbe ni wewe?"

"Nilitaka nisiende."

"Tiketi ilishakatwa, mwanangu. Ungeenda tu." Akaanza kuokota uzi mapajani mwangu. "Lakini zile jioni tungekaa pamoja."

Niliondoka na sweta la mkono mmoja. Mama aliahidi kuleta mkono wa pili akija likizo. Likizo haikufika. Aliugua ghafla, akaletwa Kinangop ndani ya jeneza.

Nilipopata kazi huku nilikwenda kulitafuta lile jengo. Limebomolewa, pamesimama mnara wa vioo. Jirani alisharudi kwao, hakuna anayejua alikoishia. Najaribu kuukumbuka uso wa mama wa wiki zile za mwisho, nashindwa. Naona utosi wake tu, ameinamia uzi.