Mchanga Tuliokuwa Tukiutupa

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Hasira ndiyo iliyonipeleka mtoni kutafuta dhahabu, wala si akili.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Chama cha ushirika kilikuwa kimelegea, dawa ya kahawa haiji tena kwa mkopo, na malori ya wanunuzi binafsi yanapanda kwetu Mkumbi siku yanayotaka, kwa bei yanayotaka. Msimu mmoja mume wangu alirudi kutoka kuuza, akakaa, akanywa maji, akasema, "Mama watoto, kahawa basi. Bila dawa inatuozea mtini. Mvua zikianza nang'oa yote, tupande mahindi."

Yote! Miti ile niliipanda mimi nikiwa bibi harusi wa juzi tu. Niliimwagilia kwa ndoo ya kichwani, mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Ukigusa mti mmoja, na mimi nang'oka." Akacheka. Nikaona kelele hazitanisaidia, nikaomba kiangazi kile kimoja. Nikileta dawa ya kutosha shamba zima, kahawa inabaki. Nisipoleta, ashike shoka na mimi nisitie neno.

"Na dawa utaitoa wapi?"

"Dhahabuni."

Weee, alicheka mpaka akakohoa. Siku hizo vijana walikuwa wamevamia vijito vya upande wa Mbuji, wanasema mchanga wa kule una dhahabu. Mimi dhahabu nilikuwa nimeiona kwenye kikombe cha padri tu. Lakini nilikuwa nimeshasema, na nikishasema sirudi nyuma. Nikamchukua wifi yangu, dada wa mume wangu, mjane mwenye mdomo usio na breki. Tukabeba karai, sufuria, majembe mawili na unga, tukashuka.

Vijana walitupokea kwa vicheko. "Shikamoo mama," akasema mmoja, "mchele unauzwa dukani, huku ni mchanga." Mwingine akatuonya kwamba mwanamke akisogelea shimo la wachimbaji, dhahabu inakimbia.

"Ikikimbia itapitia kwetu," wifi akajibu.

Wakatuachia kona moja ya kijito yenye mawe makubwa, kwa kuwa wao walishindwa kuyasogeza. Tukajenga kibanda cha majani hapo hapo.

Kazi hatukufundishwa na mtu. Tulichota mchanga uliojificha kati ya mawe, tukauosha kama tunavyoosha mchele wa sikukuu, ule unaoletwa kwetu milimani kutoka ziwani pamoja na mawe yake. Unatia maji, unazungusha, unamimina taratibu. Chepesi kinaingia sufuriani, na kinachobaki chini ni mawe, unatupa. Mikono yangu imefanya hivyo tangu utotoni, haikusubiri kuniuliza. Na kile kilichoingia sufuriani kilimeta, jamani! Vipande vyembamba vya manjano, juani vinaumiza macho. Wifi alianza kupiga vigelegele, nikamziba mdomo vijana wasisikie.

Kilichobaki chini kilikuwa mchanga mweusi, mzito. Huo hatukuurudisha mtoni, maana wanawake wa kijijini walikuwa wanateka maji chini yetu, na kumchafulia mwenzako maji ni aibu. Tukachimba shimo pembeni, tukawa tunautupa humo. Kusema kweli hata bila hiyo aibu tungechimba. Sisi ni watu wa ngoro, kilimo cha mashimo. Kwetu milimani mwanaume anafyeka majani, mwanamke anachimba mashimo shamba zima, mvua ikinyesha udongo unatulia shimoni badala ya kuteremka bondeni. Mpe mwanamke wa Kimatengo jembe na mteremko, shimo litachimbwa tu. Kwa wiki tatu tulitupa mchanga mweusi shimoni, na vipande vyetu vinavyong'aa tukavijaza kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Chupa ilipojaa tukashuka nayo Lituhi, kando ya ziwa, ambako kulikuwa na mnunuzi wa dhahabu. Tulitembea kutwa, na wifi njia nzima anapanga atakavyomwonyesha kaka yake. Mnunuzi alikuwa mtu mpole, ana mizani ndogo mezani na nje usipa, dagaa wa ziwani, wameanikwa. Alimimina chupa yetu juu ya karatasi. Hakugusa mizani. Aliinama akapuliza, fuu! Vyote vikaruka kama makapi, vikatua sakafuni.

"Mama zangu," akasema, "huu ni ulanga, mawe ya kumeta tu. Dhahabu haipeperuki. Dhahabu ni nzito, inakaa chini kabisa pamoja na mchanga mweusi. Ule mchanga mweusi mliupeleka wapi?"

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu, ila sikujua nimpige nani zaidi ya mimi mwenyewe. Wiki tatu ninaokota makapi na kutupa mchele! Nikamwangalia wifi, naye akaniangalia.

"Shimoni," tukasema pamoja.

Hatukununua hata usipa. Kesho yake alfajiri tulikuwa tunapanda, na juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mvua moja kubwa ingefurika kijito na kufagia kila kitu, na huko nyumbani mtu alikuwa ananoa shoka. Wifi, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, sasa alikuwa anasali tu. Kila mara nilimsikia akitaja Bikira Maria.

Shimo tulilikuta zima. Vijana walikuwa wametupia maganda ya ndizi juu yake. Nikayaondoa, nikajaza karai, nikaingia majini na nguo zangu. Safari hii nilishindana na mikono yangu kama unavyoshindana na punda mbishi. Kilichometa nikakimwaga, cheusi nikakibakiza. Nikazungusha, nikamwaga, nikazungusha. Mchanga mweusi ulipobaki kidogo sana, pembeni mwake ukajitokeza mstari wa manjano, mfupi kama kucha ya mtoto. Nilitikisa karai, haukuelea. Nikauinamia nikapuliza kwa pumzi zangu zote.

Haukuondoka.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi kanisani. Sasa wifi alipiga vigelegele na sikumziba mdomo. Vijana wakaja mbio, wakaona karai. Yule wa mchele akasema "Shikamoo mama" kwa adabu kabisa. "Marahaba," nikamjibu, "mchele huu hapa." Tuliosha shimo lile siku nne, usiku tukilala kwa zamu juu yake, na kila karai liliacha kitu.

Mnunuzi wa Lituhi safari hii aligusa mizani. Fedha zake tukazimaliza kwenye dawa ya shamba zima.

Tulifika nyumbani mvua ya kwanza imeshanyesha. Nilimkuta mume wangu shambani, shoka mkononi, amesimama mbele ya mti wa kwanza kabisa niliopanda. Alikuwa hajaukata. Baadaye alikiri kwamba amesimama hapo siku mbili, mkono hauinuki. Nikatua mifuko ya dawa miguuni pake, mmoja baada ya mwingine.

"Umeiba wapi?" akauliza.

"Kaka, nyamaza," wifi akasema. "Mke wako amekushinda."

Nikanyoosha mkono, akanipa shoka. Nilipasua nalo kuni, nikapika wali wa sikukuu siku isiyo ya sikukuu. Nilipoosha mchele, mawe yakabaki chini, mkono ukataka kuyatupa. Nikauzuia, nikayatazama kwanza. Mume wangu akacheka mlangoni, na mimi nikacheka. Yalikuwa mawe.

Asubuhi alijitwika bomba la dawa mgongoni mwenyewe, bila kuambiwa. Alianza na ule mti aliokuwa amesimama mbele yake na shoka.