Pengo la Maji Katika Ukuta Wangu

Enzi zetu huku uwanda wa Kano, kando ya ziwa, joto la Februari halikuwa habari ya kutumiwa kwenye simu. Ulilijua kwa nyayo. Udongo mweusi ulipasuka hadi ukaweza kuzamisha mkono mpaka kiwiko, na aliyeangusha kisu cha mama yake ndani ya ufa alijua amekwisha. Bati la darasa lilialika kwa joto juu ya vichwa vyetu, mwalimu akafundisha huku amejitanda kitambaa kibichi kichwani. Wenzangu mliokulia kandokando ya Ziwa mnanielewa.

Na ni katika joto hilohilo tuliposhikishwa majembe. Kila boma lilikuwa na ua wa minyaa, na kila ua ulikuwa na pengo upande wa juu na pengo upande wa chini, upana wa ng'ombe mmoja. Mtaro ulipita humo boma kwa boma, kutoka kwa jirani yetu wa juu, Mama Akelo, ukakata kwetu, ukateremka mpaka kwenye matete ya ziwani. Hakuna ofisi iliyouchora. Kila nyumba ilichimba kipande chake, na mashine zilikuwa sisi watoto. Tulinung'unika: kuyachimbia maji njia wakati hata ya kunywa tunayafuata mbali na mitungi kichwani!

Mama Akelo alitucheka. "Chimbeni, wavivu nyinyi. Maji ni mgeni hajaalikwa. Ukimfungia mlango, atalala kwa jirani." Kisha akatuletea nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, sufuria moja kwa watoto wote, tukala na udongo ukiwa bado kuchani. Kazi ikiisha, mapengo yale yalikuwa barabara zetu. Tulitambaa humo tukicheza kujificha, na kwa harufu tu nilijua nani leo anapika samaki na nani anawadanganya watoto kwa uji.

Halafu alasiri moja mawingu yalirundikana juu ya milima ya Nandi. Kwetu jua bado linachoma, hata tone hakuna, lakini radi zinapigana kule juu. Baba alisema neno moja tu: "Pandisheni." Mahindi yakapandishwa darini, kuku wakapandishwa juu ya kichanja, vitanda vikainuliwa juu ya mawe. Asubuhi maji yalikuwa yamefika, rangi ya chai ya maziwa, yakipita mtaroni kwa haraka ya mtu mwenye safari. Sisi tulikuwa kwenye pengo la chini na vikapu, tukiwavizia kambare mumi.

Sisemi zilikuwa raha tupu. Tulipoteza ndama, tulipoteza mashamba, na malaria iliyofuata ilitufanya tuwazike wenzetu wawili wa darasa la tatu. Lakini hakuna nyumba iliyoangushwa na nyumba nyingine.

Mimi nilitoka huko kwa nguvu zangu. Nilibeba magunia sokoni Kibuye nikajilipia karo, nikapata diploma ya ujenzi bila mjomba wala mheshimiwa wa kunishika mkono, nikaenda Uarabuni kusimamia maghorofa ambayo ukiyatazama kofia inaanguka. Niliporudi nilijenga nyumba ya kudumu kwenye boma la baba, vigae mpaka jikoni. Nikang'oa minyaa, nikazungusha ukuta wa mawe wenye msingi wa zege. Watu walitoka mbali, hata Otonglo, kuja kuutazama, nami sikuwakataza.

Siku ya kuziba sehemu ya mwisho, Mama Akelo, sasa mjane mwenye mgongo uliopinda, alikuja akasimama upande wake.

"Fundi, pengo iko wapi?"

"Mama, pengo ilikuwa ya ua ya miti. Hii ni ukuta. Maji ikikuja itarudi penye ilitoka."

"Penye ilitoka ni kwangu."

"Mama, hii kitu nimesomea."

"Sawa, baba. Na maji, yenyewe ilisomea wapi?"

Vibarua walicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Masika yaliyofuata, ukuta wangu ulifanya kazi yake vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma. Haukutoa hata ufa. Niliamka sakafu kavu, chai mkononi, nikasikia kishindo upande wa pili kama gunia lililodondoka. Nilipopanda ngazi na kuchungulia, boma la Mama Akelo lilikuwa bwawa, na nyumba yake ya udongo ilikuwa imepiga magoti. Tulimtoa kwa shuka, nyonga imevunjika. Baadaye wanawe walimjengea chumba cha bati palepale, kwa sababu kaburi la mumewe liko hapo na hataki kuhama. Sasa hatembei. Maji yakija tena, hana miguu ya kuyakimbia.

Wiki hii utabiri umefika: joto kupita kawaida, ngurumo za radi alasiri, mvua kubwa nyanda za juu, hatari ya mafuriko kando ya ziwa. Vijana wa leo wanautumiana pamoja na vikatuni vya kucheka, na wameshachagua pa kusimama wakipiga picha. Mimi nilichukua nyundo. Nilitoboa ukuta juu na chini, upana wa ng'ombe mmoja. Mama Akelo alinitazama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Ee," akasema, "diploma imefika."

Nikauchimbua mtaro wa zamani kuelekea ziwani. Hatua chache tu chini ya pengo langu, jembe liligonga ukuta mwingine, mzuri kuliko wangu. Nilimwita mwenye ukuta.

"Bwana jirani, tufungue pengo ya maji."

Alinitazama kama mtu wa kale. "Mzee, hii ukuta niliiga yako. Na mimi niko na digrii."

Chini yake ziko kuta nyingine tatu. Zamani sufuria moja ya nyoyo ilitosha kuyafungua maboma yote. Leo nina diploma, nina simu inayonitajia siku ya maji, lakini njia ya kuyafikisha ziwani sina.

Alasiri hii jua linachoma, na milima ya Nandi imeanza kunguruma. Mapengo yangu nimeyaacha wazi, na Mama Akelo nimembeba mpaka chumbani kwangu. Miguu ya kitanda nimeiinua juu ya mawe niliyoyabomoa ukutani.