Paa la Nyuzi Hamsini na Tano

Fundi wa paa na mdogo wake walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Mdogo, mafundi wote walimwita Nyuzi, kwa kuwa hakuweza kuona pembe akanyamaza. Mkubwa alikata mbao kwa jicho na mazoea. Nyuzi alitembea na kipimapembe cha plastiki mfukoni, masalia ya shule, na kabla msumari haujaingia alikuwa ameshatangaza ni nyuzi ngapi. Watu walimtania kwamba hata mkewe alimpima kwanza ndipo akaposa.

Lakini ni yeye aliyemweleza kaka yake kwa nini pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili: zote tatu jumla yake ni nyuzi mia na themanini, kwa hiyo ukiipanua moja, nyingine mbili hujibana zenyewe. Kenchi, ile pembetatu ya mbao inayobeba mabati, ikiwa na pembe butu juu hulala, na fundi hutembea juu yake bila wasiwasi. Ikiwa kali, paa husimama kama ukuta.

Siku moja mfanyabiashara wa vitambaa akaja na picha ya nyumba. Alitaka paa lililochongoka, lionekane kutoka barabara kuu. Nyuzi akaipima picha: mteremko wa nyuzi hamsini na tano. Akamvuta kaka yake kando.

"Kaka, juu tuweke mia na thelathini. Huku chini zibaki ishirini na tano kila upande, tutembee kama watu. Hii hata mjusi atateleza."

Fundi akacheka. Maisha yake yote alikuwa ameezeka maghala na vibanda, na roho yake ilitamani nyumba moja tu ya kuonekana. Akamkubalia tajiri. Nyuzi hakubisha tena, ila aliomba wanunue kamba ya kujifungia. Kaka yake akasema kesho.

Siku ya nne asubuhi mabati yalikuwa bado na umande. Fundi alikuwa juu kabisa, amenyoosha mkono apokee bati la kufunika mgongo wa paa. Akasikia soli ya kiatu ikiburuzika. Bati lilimfikia mkononi, lakini aliyelileta hakuwapo tena. Nyuzi alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Wote walisema ni ajali ya kazini. Mjane alisema hivyo, na fundi akaitikia hivyo hivyo. Akauza ngazi, akageukia useremala wa chini. Shule moja ilimwagiza meza za watoto wadogo, zenye pembe sita, kila pembe nyuzi mia na ishirini, zote butu zisiwaumize. Alizipiga randa kwa uchungu, kwani kila mara alikosea kona ya mwisho, na wa kumuuliza hakuwapo. Jumapili alikwenda kula kwa shemeji yake, akacheza na watoto wa marehemu, akarudi kwake.

Ulipopita mwaka na nusu, shemeji alimwomba amzibie paa la jiko, lilikuwa linavuja. Akaazima ngazi kwa jirani. Alipanda vipago viwili, cha tatu kikamshinda. Akashuka, akakaa kwenye kigoda.

"Shemeji, aliniambia."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba lile paa ni kali mno. Aliomba tulilaze. Aliomba na kamba. Nikasema kesho."

Mwanamke alikuwa ameshika beseni la maji yaliyovuja. Aliliweka chini polepole, lisimwagike.

"Mwaka na nusu unakula mezani kwangu."

"Ndiyo."

"Na watoto unawapakata."

Shemeji hakulia wala hakumtukana. Alimwomba tu atokee mlango wa nyuma, watoto wasimwone alivyo.

Jumapili iliyofuata fundi alioga, akavaa shati safi, akakaa kitandani. Hakuna aliyemwita. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, binti mkubwa wa marehemu alibisha hodi. Alikuwa amebeba sahani ambayo fundi alikuwa akiitumia kula kwao, imeoshwa ikatakata.

"Baba mkubwa, mama amesema uwe nayo mwenyewe."

Fundi akamvutia kiti. Binti akasema ameambiwa asikae. Akamkabidhi sahani kwa mikono miwili, akaaga kwa adabu kama siku zote, akaondoka.