A ya Awali, R ya Rudi

Mjomba hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa Mpimbwe kama mama yangu, na siku ya kwanza nilipoingia ofisini akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia kijiji cha mama alisema, "Basi mimi ni mjomba wako, imeisha hiyo." Tangu hapo sikumwita vingine.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, pale Mpanda mjini, hatua chache kutoka sokoni. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Alhaji, alikuwa ameanzisha biashara ya kusambaza intaneti kwa minara midogo: madukani, nyumba za wageni, shuleni, kwenye zahanati. Mbele waliuza cheni na plagi, nyuma tuliuza mtandao. Harufu ya oili ilipita chini ya mlango mchana kutwa, na hadi leo nikipita karibu na gereji yoyote nakumbuka kazi yangu ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Dodoma. Mjomba alikuwa ndiye fundi wa mitambo yote. Ujanani alianzia kwenye simu za reli, zile za kuzungusha kwa mkono, akaenda kwenye redio za mawasiliano, halafu kompyuta zilipofika akazifuata nazo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, shati limechomekewa kila siku hata Jumamosi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuingia kwenye mitambo iliyo mbali bila kunyanyuka kitini. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tuliloliita terminali, unaandika mstari mmoja, na mtambo ulioko juu ya mlima kule Mwese unakutii. Hakuna picha, hakuna vitufe vya rangi. Ni maandishi tu, na kijimstari kinachowaka na kuzimika kukuonyesha umefika wapi.

Wiki ile ya kwanza nilikosea herufi moja mwanzoni mwa amri ndefu. Nikafanya nilivyozoea: nikabonyeza mshale wa kurudi nyuma, ta, ta, ta, ta. Mawimbi ya Mwese yalikuwa dhaifu siku zile, na ikinyesha ndiyo kabisa. Unabonyeza, kioo kimenyamaza kama hakijasikia, halafu ghafla kijimstari kinaruka na kupitiliza ulikotaka. Nikaanza kukirudisha mbele. Ta, ta, ta.

Mjomba alikuwa amenipa mgongo. "Binti," akasema bila kugeuka, "unaenda Mwese kwa miguu?"

"Nimekosea huku mwanzoni, mjomba. Narudi."

"Na pikipiki ipo. Shika kontroo, bonyeza A."

Kontroo ni kile kitufe cha pembeni kilichoandikwa Ctrl. Nikakishika, nikabonyeza A, na kijimstari kikawa mwanzo wa mstari kwa mruko mmoja. Nilicheka peke yangu kama mtoto aliyeonyeshwa kiinimacho.

"A ya awali," akasema. "Ukitaka mwisho, bonyeza E."

"E ya nini?"

Akafikiri kidogo. "E ya ee, tumefika."

Ndivyo alivyonifundisha, kidogo kidogo, huku chai ya tangawizi ikipoa mezani. Chuoni tulipewa majina ya Kiingereza tukayakariri kwa ajili ya mtihani, tukayaacha palepale mlangoni. Mjomba alikuwa na ya kwake. U ilikuwa ufagio, kwa sababu inafagia kila ulichoandika kutoka ulipo hadi mwanzo. W ilikuwa wembe, inakata neno moja lililo nyuma yako. K ya kata, inakata chote kilichobaki mbele. L ya lima, kwa maana inasafisha kioo kizima kama shamba jipya. Na ukiacha kontroo ukashika Alt, F ya fuata inakupeleka neno la mbele na B ya baki inakurudisha neno la nyuma, moja baada ya jingine. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa R. R ya rudi. Ukishika kontroo na R ukaandika vijiherufi viwili vitatu, kompyuta inakutafutia amri uliyowahi kuiandika zamani, hata ya mwezi uliopita, na kukuletea ilivyokuwa.

Niliona mengine pia, lakini sikuyaunganisha. Mezani kwake hakukuwa na mausi. Herufi kwenye kioo chake zilikuwa kubwa kama za ubao wa chekechea. Alikaa karibu mno na kioo, kichwa kikizunguka taratibu kama mtu anayenusa. Zamani, niliambiwa, alikuja kazini kwa pikipiki yake; siku hizo alishushwa na bodaboda mlangoni kabisa. Nilijiambia ni utu uzima.

Halafu Alhaji akanunua kompyuta mpya yenye programu ya kuchora ramani ya mitandao, nzuri sana kwa kuwaonyesha wateja. Mteja wa kwanza kuonyeshwa alikuwa sista mmoja, mkuu wa shule ya masista kule Mwese. Alhaji mwenyewe aliingia naye, kanzu imepigwa pasi, akavuta viti.

"Fundi, hebu muonyeshe sista mawimbi yanavyopita."

Mjomba akashika mausi. Akaisogeza kulia, akaisogeza kushoto, akaizungusha mezani. Mshale ulikuwa kwenye kona ya juu ya kioo, mweupe, naona kabisa, na yeye alikuwa anautafuta chini. Akaendelea kuzungusha. Sista akaangalia saa yake, kisha akatabasamu kwa adabu.

"Huyu panya kaingia shimoni," mjomba akasema.

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama machoni, na macho yalikuwa yanahangaika. Nikasogeza kiti changu nikasema, "Mjomba, niache mimi nimuonyeshe sista, na wewe umweleze." Akaiachia mausi haraka. Nikasogeza mshale, akaeleza mlima upi unapokea kutoka mnara upi, kwa ufasaha wake wote, na sista akaondoka ameridhika.

Tulipobaki wawili aliisukuma mausi pembeni ya meza. Feni ilikuwa inalia juu yetu.

"Ni presha ya macho," akasema. "Daktari ameniambia. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele ya bomba nakiona, cha pembeni hakipo."

"Na dawa?"

"Matone natia. Yanazuia, hayarudishi." Akagusa kibodi yake. "Ndiyo maana nampenda huyu. Mausi inataka uitafute. Huyu nikibonyeza A najua niko wapi hata nikifumba macho. Niko mwanzo."

Aliniomba nimwache yeye mwenyewe amwambie Alhaji. Alichukua siku kadhaa kujikaza, na alipoingia dukani kusema, mimi nilibaki mlangoni nikijifanya napanga nyaya. Alhaji alimsikiliza huku anafunga boksi la taa za pikipiki.

"Fundi," akasema, "wewe unamwaga chai kwenye sahani yangu tangu mfungo uliopita. Unadhani mimi ndiye nisiyeona?"

"Sasa itakuwaje, bosi?"

"Itakuwaje nini? Huyo binti ana macho mawili mazima. Kaeni meza moja."

Tukakaa meza moja. Nikikumbuka miaka ile, huo ndio wakati ninaoukumbuka zaidi. Vidole vilikuwa vyake, macho yalikuwa yangu. Mwanzoni tulikanyagana na kuchekana. Mimi nilisoma haraka mno, yeye aliandika kabla sijamaliza. Baadaye tukapata mwendo wetu. Alikuwa akisema, "Niko awali, nisomee," nami nasoma neno kwa neno. Nikiona kosa nasema tu, "La tatu," naye anashika Alt, F, F, F, halafu wembe, neno limeondoka, anaandika jingine. Mteja aliyeketi kwenye benchi letu akisubiri aliwahi kutuuliza kama tunasali.

"Karibu na hapo," mjomba akamjibu.

Bomba lake liliendelea kufinyika. Ikafika siku akaacha kusogeza uso kwenye kioo. Akakaa ameegemea kiti, ametazama mlangoni kulikokuwa na mwanga, vidole vikitembea vyenyewe.

Masika moja mtambo wa Mwese ulianza kusumbua. Sista alipiga simu asubuhi, sauti inakatikakatika: shule haina mtandao, zahanati haina, na matokeo ya wanafunzi yanatakiwa kutumwa. Barabara ilikuwa tope tupu. Dereva wa bodaboda tuliyemzoea alisema hawezi kwenda hata kwa kubembelezwa. Uzi tuliobaki nao ulikuwa mwembamba: terminali iliunganika, ikaganda, ikaunganika tena.

"Kuna amri ya kubadilisha masafa," mjomba akasema. "Tuliiandika mwaka jana mvua zilipoanza. Tutafute."

Akashika kontroo na R. Akaandika herufi chache. Tukangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kutosikilizana, ikabidi nimsogelee sikioni.

"Imekuja, mjomba. Ndefu. Lakini ina jina la mnara wa Mwamkulu, siyo wa Mwese."

"Neno la ngapi?"

Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. "La nne."

Nilijua anachofikiri. Tungepeleka amri ile na jina lisilo lake, mtambo ungetufungia nje, na kuufungua kungekuwa ni mtu kupanda mlima kwa miguu siku ile ile. Na kubonyeza mishale kwenye uzi ule kulikuwa kubahatisha.

"Awali," akasema, akabonyeza. "Fuata. Fuata. Fuata. Fuata. Wembe." Akatoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. "Usiniambie unachokidhania. Ngoja kioo kikuonyeshe, ndiyo uniambie."

Tulingoja. Nilisikia dukani mtu anauliza bei ya tairi. Kisha kioo kikajitikisa, na neno la nne halikuwepo.

"Limetoka, mjomba. Hilo tu."

Akaandika Mwese, herufi tano, polepole kama anayeandikia mtoto. Nikamsomea mstari mzima mara mbili. Akabonyeza kitufe cha kupeleka, na mawasiliano yakakatika palepale kama tulivyotarajia, maana mtambo ulikuwa unahama masafa. Alhaji alikuja na kikombe cha chai mkononi akasimama mlangoni. Ndipo simu ikaita.

"Imerudi," sista akasema. "Nyie watu wa Mpanda, Mungu awabariki."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akifurahia kazi kiasi kile.

Mwaka uliofuata mke wake alikuja kumchukua. Hakukuwa na ugomvi wala huzuni kubwa ya kuonyesha watu. Walikuwa na shamba la mpunga Mwamkulu, watoto wameshajitegemea, na mama yule alikuwa amechoka kumwaza akivuka barabara za mjini. "Amewafanyia kazi vya kutosha," akatuambia mimi na Alhaji. "Sasa na mimi nimpate." Alhaji aliwapelekea mizigo kwa gari lake. Mimi nilibaki mezani peke yangu, na kwa muda mrefu nilijikuta nasoma kioo kwa sauti, wateja wakinitazama.

Siku hizi mkongo wa mawasiliano umefika mjini. Intaneti ya Mpanda ni ya kasi, mitambo inarekebishwa kwa simu ya mkononi, na vijana wawili tuliowaajiri wanabofya picha kwenye kurasa nzuri za rangi. Nawasikia tiki, tiki, tiki. Wanafanya kazi vizuri na sina la kuwalaumu. Ila mmoja aliwahi kuniona nikiandika kwenye terminali, mstari unakatika na kuungana bila mimi kugusa mshale, akauliza, "Dada, hayo umejifunza wapi?" Nikamwambia kwa mjomba. Akadhani ni ndugu wa tumbo moja na mama yangu, nami sikumsahihisha.

Jumapili nyingine nikitoka misa nachukua bodaboda hadi Mwamkulu. Mwaka juzi nilimpelekea kompyuta ya kupakata ya zamani, nimeiwekea programu inayosoma maandishi kwa sauti. Tuliifungulia barazani. Sauti yenyewe ilikuwa ya kike, ya Kizungu, na Kiswahili ilikipiga mweleka. Jina la kijiji chake ililitamka kigeni hata mke wake akatoka jikoni na mwiko akiuliza nani amefika.

Alijaribu wiki kadhaa. Alinipigia akasema anaiweza, tena vizuri. Halafu nilipokwenda mara nyingine nikaikuta imefungwa kwenye kitambaa, juu ya kabati.

"Imeharibika, mjomba?"

"Nzima kabisa."

"Basi nini?"

Akapapasa hadi akapata kigoda, akakaa. "Inasoma sawasawa. Haikosei neno. Lakini nikikosea mimi, haicheki."

Mke wake alikuwa anaanika mpunga uani, akatuita tumsaidie kuutandaza kabla jua halijapanda. Mjomba alivua ndala, akaingia juu ya turubai, akaanza kuusambaza kwa nyayo zake, huku ananiuliza habari za mnara wa Mwese, nani anauangalia siku hizi, na kama wamebadilisha ile waya ya chini iliyokuwa imeliwa na mchwa. Nikamweleza yote.