Baba Yangu Mdomoni mwa Mheshimiwa

Kabla hajaanza kuitwa Mheshimiwa, alikuwa mlevi. Mlevi wa jukwaani, nisieleweke vibaya; chupa hakuigusa. Katika kundi letu la maigizo la Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, yeye alikuwa mume anayeuza mahindi ya mgao ili akalewe, na mimi nilikuwa mke anayemtandika kwa mwiko. Tulicheza siku za mgao wenyewe, mbele ya foleni, kwa sababu mtu aliyepanga foleni hana pa kukimbilia. Kipaji alikuwa nacho, hilo siwezi kumnyima. Ukimwambia alie, analia. Ukimwambia basi, machozi yanakauka hapo hapo.

Siku moja akachoka na ulevi. Alinikuta napura maharage, akakaa chini, akaniita yaya, kama kwetu Kivu ya Kusini mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

"Yaya, tuache kuchekesha batu. Unipe ile histoire ya baba yako, tuicheze."

Mtu wa kambi hagawi hadithi yake ovyo. Kila familia ina faili, na ndani ya faili kuna maelezo ya jinsi mlivyokimbia. Maelezo hayo ndiyo yatakayokupandisha ndege ya kuhamia ng'ambo siku moja, au yakuache hapa hapa na jembe lako. Watu huyaficha hata kwa jirani wanayechangia naye ukuta. Mimi nikayatoa yote huku napepeta maharage. Ujinga wangu, nakiri.

Nilimsimulia tulivyombeba baba, aliyekuwa hawezi tena kutembea, kwa kipoyi, machela yetu ya miti, siku mbili, hadi wabebaji wakashindwa. Nikamwambia baba mwenyewe ndiye aliyesema tumwache karibu na mto ili watoto wapone. Nikamwekea dumu la maji na kikombe, nikawashika wanangu watatu, tukaondoka.

Kwenye mchezo akanigeuza mwanamume, akamcheza yeye mwenyewe, na mwanamume huyo hamwachi baba yake. Anambeba mgongoni hadi mzee anakata roho. Alisema jukwaani inapendeza zaidi hivyo, nami nikaona sawa, mchezo ni mchezo. Foleni nzima ililia. Na mimi nililia, nikitamani ingekuwa kweli.

Baadaye alirudi nyumbani, Kongo. Tukasikia anashika kipaza sauti kwenye mikutano ya mwanasiasa mmoja, kisha chama ni chake, kisha ni waziri. Tulijivuna kwelikweli. Kila aliyenisikiliza nilimwambia huyo waziri nimempiga mwiko mara ngapi.

Halafu nikapeleka maharage mjini Mbarara, kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka mtaa wa Nyamityobora. Alikuwa ameikazia macho runinga yake, akaniita nyabo, yaani bibie, bila kugeuka.

"Nyabo, kuja uone. Mutu yenu analia kwa tivi."

Alikuwa yeye, kavaa suti, uwanja umejaa. Alisema alimbeba baba yake mgongoni siku mbili, mzee akafia mgongoni karibu na mto, akamzika kwa mikono yake. Aliposema "mikono hii" aliinyoosha mbele vile vile kama kwenye mchezo wetu. Baba yake! Baba yake alifia Nakivale, kitandani, mzee wa watu aliyependa chai yenye sukari nyingi. Kwenye msiba wake mimi ndiye niliyesonga ugali. Mwenye duka akafuta macho, akanipa pole kwa mateso ya mtu wetu. Nikasema asante. Hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Mwaka uliofuata, baada ya kungoja miaka na miaka, faili yetu iliitwa Mbarara kwa mahojiano. Afisa alikuwa mzungu, mwanamke kijana, na mkalimani alikuwa Mkongo mwenzetu. Masimulizi yangu yalipofika kwenye mto, mkalimani akaacha kutafsiri.

"Mama, hii si ile ya Mheshimiwa? Batu bote baliisikia."

Kisha akamweleza afisa kwamba hadithi hii ni ya waziri, na afisa akaweka kalamu chini. Faili ilisema tu kwamba baba alifia njiani, kwa hiyo akauliza kwa upole kama kuna mtu niliyewahi kumsimulia haya kabla waziri hajayasema. Ukiacha wanangu, alikuwepo mmoja tu, waziri mwenyewe.

Nikaitafuta namba yake hadi nikaipata, nikamtumia ujumbe wa sauti. Nilimwomba jambo dogo: aandike kwamba hadithi ni yangu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, na sauti yake ilikuwa tamu.

"Yaya yangu, nakukumbuka mingi. Lakini ile histoire ni ya batu bote sasa, ni ya inchi. Hauna ingine ya kubaambia?"

Mara ya pili tulipoitwa, binti yangu mkubwa aliketi kando yangu, mkono wake juu ya wangu. Siku ile mtoni alikuwa na miaka mitano. Afisa akaniuliza kama kuna jambo lolote ninalolijua mimi peke yangu.

Lilikuwepo. Nikasema baba hakutuambia tumwache. Hayo niliyatunga mimi, nikamwambia waziri, wanangu pia. Baba aliomba tusimwache. Tulipoanza kutembea aliniita kwa jina langu la utotoni, akaita tena, akaita tena, na mimi nikaongeza mwendo nikaimba kwa nguvu ili watoto wasisikie.

Mkalimani akatafsiri polepole. Afisa akaandika. Binti yangu akauondoa mkono wake.

"Mama," akasema, "babu aliita?"

Nikasema ndiyo. Mkalimani akatafsiri na hilo.