Kuzikwa kwa Mazoezi

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Siku moja nikimpeleka baba kazini, tumekwama kwenye foleni, aliniuliza kama nalijua neno la Kiarabu "thalj". Nikamwambia sisi kwa Kiswahili tunasema theluji. Ningenyamaza hapo mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa kama kwetu kuna barabara za lami, basi nikaongeza kwamba nilizaliwa karibu na Nanyuki, chini ya mlima wenye theluji, na kwamba niliiona kila asubuhi nikienda shule. Sikusema kwamba niliiona kwa mbali tu, jinsi mtu anavyouona mwezi. Kuigusa sijaigusa hadi leo.

Huyo baba alikuwa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, mwenye jumba nililofanyia kazi ya udereva mtaa wa Al-Malqa, Riyadh. Umri wetu ulikuwa mmoja, pengine hata nilimzidi, lakini wafanyakazi wa nyumbani huko humwita mwajiri baba na mkewe madam, nami nikaita hivyo hivyo. Neno lenyewe lilinikera, kwa sababu kwetu kulikuwa na mtu mwingine aliyeitwa baba, na mtu huyo hakuwa mimi. Alikuwa simu. Niliondoka mke wangu akiwa mjamzito, na binti yetu alipoanza kusema aliamua kwamba baba yake ni ile simu ya mamake. Aliibusu, akailisha ugali. Akiikuta imechomekwa kwenye umeme aliwaambia wageni baba anakula. Mke wangu alinisimulia huku akicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Likizo yangu ilikuwa imeshaahirishwa. Mkataba wa miaka miwili uliisha, madam akauliza nani atawapeleka watoto shule, halas, imekwisha, nikaongezewa mwaka. Kwa hiyo baba alipokuja na wazimu wake wa kwenda Jojia na wenzake wa ofisini kuteleza kwenye theluji, mimi nilimuunga mkono kuliko mtu yeyote. Hawakutaka zile njia zilizotengenezwa, zenye viti vya kupandishia watu. Walitaka mlima mtupu, mahali ambapo mtu anatembea siku nzima bila kukutana na mwenzake. Baba angeenda wakati shule zimefungwa, na madam angewachukua watoto kwa wazazi wake Jeddah. Nyumba ikifungwa, dereva wa nini?

"Mimi nikienda thalj, wewe unaenda Kenya," baba akaniahidi. "Nisipoenda, mafi likizo."

Madam ndiye aliyekuwa kizingiti. Alikuwa amesikia kwamba theluji huporomoka mlima mzima ikafunika watu, na akasema hakuolewa ili aje kuwa mjane wa barafu. Baba akitaka kwenda, ajifunze kwanza, na yeye madam aone kwa macho yake kwamba mume wake anaweza kumtoa mtu chini.

Ndivyo tulivyoanza masomo, sebuleni, mbele ya kompyuta. Mwalimu alikuwa mzee fulani wa nchi ya baridi, midomo imembabuka, akifundisha kwa Kiingereza cha polepole. Kazi yenyewe inahitaji wenzako, lakini wenzake baba walisema watajifunzia hukohuko, basi baba akaunda kikosi cha nyumbani: yeye, mimi mtaalamu wa theluji, na dada mmoja wa Likoni aliyekuwa akifanya kazi za ndani. Baba aliwasha kiyoyozi hadi mwisho ili tuzoee. Dada alihudhuria amejifunika blanketi gubigubi, macho tu nje.

"Kaka, mdomo wako huo," aliniambia somo la kwanza. "Hukuweza kusema umezaliwa Mombasa?"

Tulifundishwa kwamba mteremko mkali ndio unaoua, kwamba mlimani watu hupita mmoja mmoja huku wengine wakitazama, na kwamba theluji mpya iliyorundikwa na upepo si ya kuaminiwa. Kila mtu huvaa kifuani kidude kinachorusha ishara. Mmoja akifunikwa, wengine hugeuza vyao vitafute badala ya kurusha. Kidude huonyesha mshale na namba, namba ikipungua unakaribia. Namba ikifika chini kabisa unachoma kwa fimbo ndefu, kisha unachimba mbiombio, kwa sababu aliyezikwa hana muda. Na simu izimwe au iwekwe mbali, maana hukiharibia kidude akili. Hilo mwalimu alilirudia mpaka tukachoka.

Siku moja mwalimu aliuliza mlima ukionyesha dalili mbaya tufanye nini. Baba akanigeukia. "Mwambie. Watu wa kwenu hufanyaje?"

Kijasho kikanitoka kwenye baridi ile. "Kwetu hatupandi," nikasema.

Mzee akapiga makofi. Alisema amefundisha miaka mingi na hajapata jibu lililokomaa namna hiyo, kwamba kurudi nyumbani ndio ufundi mkubwa kuliko wote. Kuanzia hapo baba alinitambulisha kwa wageni wake.

Mazoezi tulifanyia kwenye mchanga mwekundu nje ya mji. Baba aliupima mteremko wa kila kilima kwa chombo chake, na kwa sheria za theluji vyote vikawa vya kufisha. Kwa hiyo tulivuka jangwa mmoja mmoja, tumeachana mbali, wawili wakimtazama wa tatu kwa wasiwasi, huku watoto wa watu wakiteremka palepale kwa makaratasi. Tulikuwa tunazika begi lenye kidude. Asiyepata ishara alipaswa kupaza sauti aseme "mafi", yaani hakuna, lakini dada alikataa katakata kulipigia kelele neno hilo mbele za watu. Kwa masikio ya Likoni lilikuwa karibu mno na jingine.

Ikafika Ijumaa ya mtihani. Madam alikuja na jiko la gesi na birika. Akaliteleka birika, akasema begi halimwambii kitu, begi halina mke. Azikwe mtu. Birika likichemka kabla mtu hajapatikana, safari halas.

Wote wakanitazama mimi.

Nilikubali kwa masharti. Shimo liwe fupi, juu yangu liwekwe zulia, mchanga kidogo tu juu ya zulia, na kichwa kiwe upande wa kichaka ambako nimeacha nafasi ya kupumua. Baba aligeuka akafumba macho, dada akanifunika. "Shahada hujui, sijui nikusomee nini," akaninong'oneza, akaenda zake.

Nikalala gizani nikinusa zulia. Simu yangu ilikuwa mfuko wa shati, ubavuni mwa kidude. Sheria naijua. Lakini Ijumaa alasiri ndiyo saa ya binti yangu, na nilijiambia nikizima mlio tu inatosha. Nikasikia nyayo za baba zikija, zikapita, zikarudi. Nikamsikia akisema namba kwa sauti, namba zikipanda na kushuka ovyo. Alikwenda kuchimba karibu na boksi la vinywaji. Kisha sauti ngeni, ya mtu wa kundi lililokuwa linanywa kahawa jirani:

"Mmepoteza nini?"

"Dereva wangu," baba akahema.

"Amekimbia?"

"La. Nimemzika."

Kahawa iliachwa. Wanaume wale wakaanza kuchimba kwa mikono kila mahali, wakimtaja Mungu, na baba akiwapigia kelele wasikanyage eneo la msako. Kwa mbali birika lilianza kuimba.

Hapo ndipo simu ilipotetemeka kifuani. Sikuhitaji kutazama. Alikuwa yeye, kiganja chake kwenye simu ya mamake, anamngoja baba aseme haloo. Nikapenyeza mkono chini ya zulia nikaikata. Ikatetemeka tena. Nikabonyeza kile kitufe cha pembeni mpaka mwanga ukafa. Nilimzima mwanangu ili nipatikane, na niliumia kuliko nilivyowahi kuumia nchi ile.

Punde nyayo zikaja moja kwa moja. Fimbo ikanichoma pajani nikapiga yowe, na mmoja wa wale wanaume akaanguka kwa hofu. Baba alinivuta nje akanikumbatia, akilia machozi ya kweli. Madam alilifunika birika kwa kifuniko chake, akasema bado halijachemka vizuri. Nililiona. Lilikuwa linatoa mvuke kama garimoshi.

Baba akaenda Jojia. Aliniletea habari baadaye kwamba siku ya kwanza walitazama mlima, ukaonyesha dalili mbaya, naye akawaambia wenzake maneno ya mtaalamu wake, wakarudi hotelini kunywa chai mpaka safari ikaisha.

Mimi nilipitia Jeddah, nikafika kwetu mchana. Binti yangu aliponiona alipiga ukelele akajificha nyuma ya mamake. Peremende hakutaka, kubebwa hakutaka. Asubuhi ya pili nilimkuta amechuchumaa pembeni na simu ya mamake sikioni, haijapigiwa mtu, anashtaki kwa sauti ya chini: "Baba, kuna mtu. Analala kwa kitanda cha mama."

Nikatoka, nikapita zizi la ng'ombe, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nikampigia.

"Baba!" akasema. "Kuna mtu!"

"Yuko wapi?"

"Ameenda."

Niliendelea kumsemesha. Nilimuuliza kama amekula, ng'ombe wamekula, paka naye. Akawa ananisikia sikioni na ananisikia uani. Nikamwona akitoka mlangoni, simu ameishika mbele yake kwa mikono miwili. Akaelekea kwenye migomba, akasimama, akageuka. Akaja zizini, akapitiliza, akarudi. Mimi naongea tu. Akalizunguka tangi, akatokea mbele yangu.

Alinitazama mdomo. Akaitazama simu. Kisha akaiweka sikioni, akamuuliza yule wa humo, si mimi:

"Baba, ni huyu?"

Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Sikumgusa. Nikaileta simu yangu mdomoni nikamjibu, "Ndiye huyo."