Siku Baba Alipoingia Kwenye Sentensi ya Kiingereza

Sisi tuliokulia kambi ya jeshi ya Kimaka, kabla simu hazijaanza kutumalizia maneno, Kiingereza tulikitolea jasho. Asubuhi tulikunywa uji wa mahindi, tukatoka mbio, tukicheza kwepena njia nzima, kurushiana na kukwepa mpira wa matambara, na tukafika shuleni wekundu kwa vumbi. Darasani alitungoja Madam Nambozo, mwanamke mfupi wa kutoka Mbale, ambaye ugonjwa wake ulikuwa mmoja: sentensi iliyopinda. Ukisema "I like reading, writing and to dance," alishika sikio kama aliyeumwa na nyuki.

"Maneno yanayofuatana yavae sare moja! Wawili wana -ing, wa tatu ameiacha wapi?"

Watoto wa askari tulielewa haraka, tena tukazidisha. Mdogo wangu alimwambia mama kwamba anataka kula-ing, akapewa kofi.

Nikiwa darasa la sita, Madam alinichagua mimi, Akello, kwenda Mbale kwenye mashindano ya Kiingereza. Baba, sajini mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima, alitangazia majirani wote kwamba bintiye anakwenda kuleta kikombe. Akaomba ruhusa, akapiga pasi nguo zake za kazi mpaka zikasimama zenyewe, akatusindikiza. Kiingereza chake kilikuwa cha gwaride tu, kushoto kulia, basi.

Huko Mbale tulilishwa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa na karanga, tukala mpaka tukasinzia. Lakini usingizi ulinitoka jioni, tulipolingana alama na wenyeji na likabaki swali moja, langu. Mwamuzi akasoma polepole: "Every morning my father enjoys bathing, praying and..."

Nilitakiwa kumalizia. Nikamtazama baba mstari wa mbele, kifua nje. Asubuhi anafanya nini? Kuoga, ndiyo. Kusali, ndiyo. Halafu?

"Shouting!" nikasema.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwamuzi alivua miwani, akajifuta machozi, akasema neno limekaa sawasawa. Kikombe kikawa chetu. Na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, akisimama na kuwaonyesha watu kwamba huyo ni wake, alikuwa baba.

Tuliposimama Iganga njiani kurudi, kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, baba akamgeukia Madam. "Mwalimu, ile neno ya mtoto, maana yake nini? Watu walifurahi sana."

Madam akatazama gonja yake. "Afande, ni... kupiga kelele."

"NANI ANAPIGA KELELE?"

Muuza gonja aliangusha koleo kwenye makaa. Mimi nilijificha nyuma ya Madam, nikijua kikombe hakitaniokoa. Baba akasikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka njia nzima mpaka Bugembe, karibu na nyumbani.

Kesho yake alituamsha kwa kunong'ona. "Wanangu, amkeni." Hakuna aliyeamka. Mama alimshika paji la uso akidhani ana malaria. Tulichelewa shule wiki nzima, maziwa yakachachuka kwa kukosa wa kuyachemsha mapema, mpaka mama mwenyewe akamwambia, "Baba Akello, tafadhali, piga kelele." Alivuta pumzi, na majirani walituambia baadaye kwamba hata wao walishukuru.

Siku hizi baba amestaafu, anaishi Mafubira. Juzi binti yangu aliandika insha kumhusu. Alilala kwenye kochi, kidole kimoja kikifanya kazi kwenye simu, miguu ikiwa juu ya mto, na kabla chai yangu haijapoa insha ilikuwa tayari. Nikasoma: "My grandfather enjoys farming, walking and fishing." Safi. Madam asingeshika sikio.

"Fishing? Babu yako anavua samaki lini?"

"Simu iliandika, mama. Si inafanana na zile zingine?"

Babu yake anaogopa maji, hata darajani hufumba macho. Nikamuuliza basi babu hupenda nini. Akafikiri, akatazama simu, akafikiri tena.

Nimeisoma insha ile mara nyingi. Imepangika kuliko zote tulizowahi kuandika sisi. Ila babu hayumo.